Jinsi ya kuomba pesa ya kutafiti kama sanaa inasaidia watu, kwa sisi wa Uganda

Kila mwezi lazima mtu aniulize, "bro nina kikundi cha ngoma, napataje pesa ya risachi?" Mimi hii kazi nimeifanya zaidi Nakivale, makazi ya wakimbizi kule Isingiro, ambako Wakongo na Warundi ni wengi na Kiswahili ndio kinatuunganisha. Nitasema tu vile nafanya.

Hatua ya 1. Anza na swali, mfadhili baadaye. Ukimwandikia mfadhili wa utafiti kwamba kikundi chako kinahitaji ngoma mpya na yunifomu, umepotea njia, hiyo ni proposo ya shoo. Huyu anataka kujua kitu ambacho hata wewe bado hujui. Na kama tayari una jibu kichwani ("sanaa inaponya!!") sasa unatafiti nini?

Hatua ya 2. Swali liwe la kujibika, na hapa ndio tulie kidogo. Dodoso langu la kwanza nililiandika kisomi kabisa: "Je, ushiriki katika sanaa umeboresha ustawi wako wa kisaikolojia?" Nikamsomea mama mmoja wa kikundi, akaniangalia, akasema, "Ustawi ni kitu gani, mwanangu? Mimi nikishapiga ngoma, ile usiku nalala." Nikafuta swali pale pale, nikaandika: wiki iliyopita ulilala vizuri usiku ngapi? Hiyo inahesabika, kila mtu anaijibu, na mfadhili anaielewa bila kamusi. Kwa hiyo kabla hujaandika proposo nenda ukakae na watu wawili watatu uwasikie wao wanaitaje hiyo faida, maana wewe utaita ustawi na wao wanaita usingizi, au kupata mtu wa kukopa naye sabuni.

Hatua ya 3. Pima kabla ya kuanza. Watu wanakumbuka kupima mwisho, basi wanabaki na picha za watu wanacheka. Uliza kabla ya mazoezi, uliza tena baada ya miezi kadhaa, na tafuta watu wa kulinganisha nao. Mimi natumia walio kwenye listi ya kusubiri kujiunga, hao wana hamu ile ile ila hawajaanza, na siwanyimi kitu kwa sababu zamu yao inakuja.

Hatua ya 4. Sasa mfadhili. Wengi wakigugo wanakutana na National Endowment for the Arts ya Marekani, ile ya tangu 1965, ambayo imekuwa na ruzuku ya kutafiti thamani na faida ya sanaa. Soma masharti kwanza: mwombaji ni taasisi ya Marekani, na kwa pesa anayopewa lazima alete nyingine kiasi hicho hicho. Wewe wa Uganda unaingia kama mshirika wa chuo cha kule, hauombi peke yako. Iliyo karibu nasi zaidi ni mfuko wa UNESCO wa anuwai ya utamaduni, unafunguka kwa nchi zinazoendelea zilizoridhia mkataba wa 2005, na Uganda imo. Sio wa utafiti mtupu, ila mradi wa kukusanya data za sekta ya utamaduni unaweza kukaa pale. Maombi yanapitia tume ya taifa ya UNESCO, kwa hiyo ulizia deadline mapema, usizubae.

Hatua ya 5. Vibali. Kamati ya maadili ya utafiti, halafu UNCST (baraza la taifa la sayansi na teknolojia), na kama ni kambi ya wakimbizi unaongeza barua ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Mwenyekiti wa LC1, yule wa kijiji, pia msalimie. Mara ya kwanza sikuweka ada za vibali wala muda wa kusubiri kwenye bajeti, mfadhili akakataa kuongeza, nikalipa mfukoni na miezi ya mradi ikaisha nikiwa bado nasubiri mhuri.

Hatua ya 6. Bajeti. Weka wasaidizi wanaojua Kiswahili cha Kongo, sio cha vitabuni. Weka transpoti ya washiriki na soda. Boda hatoi risiti, basi chapisha karatasi yenye tarehe, safari, kiasi na sahihi, na uulize mfadhili mapema kama anaikubali. Wangu alikubali, ila alitaka na namba ya simu ya kila mwendesha boda.