SOMO: Kufanya kazi na madalali wa mizigo Marekani ukiwa na lori lako mwenyewe

Wadau, wiki hii peke yake nimepigiwa simu sita, zote swali moja: "Kaka, MC yangu (namba ya ruhusa ya kubeba mizigo) imetoka, sasa mzigo nautoa wapi, na nitajuaje kama dalali atanilipa?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja huku nikiwa kwenye foleni ya mizani. Naandika mara moja. Atakayeniuliza tena namtumia hili.

Naongea na mwenye lori na mamlaka yake mwenyewe, trela la boksi au la friji, mizigo ya jimbo hadi jimbo. Kama lori lako linatembea chini ya MC ya kampuni ya mtu mwingine, wao ndio wanaomalizana na dalali, wewe pita tu.

1. Makaratasi. Namba ya USDOT (ya usajili Wizara ya Uchukuzi ya Marekani) na MC, bima, fomu ya kodi ya W-9, akaunti ya benki ya biashara. Sheria inadai bima ya dola 750,000 kwa mizigo ya kawaida, lakini madalali karibu wote watakudai milioni 1, pamoja na bima ya mzigo ya 100,000. Weka vyote kwenye faili moja ndani ya simu.

2. Jua gharama yako kwa maili. Jumlisha vinavyolipwa hata lori likilala: rejesho la lori, bima, trela. Tuseme ni dola 4,800 kwa mwezi na unatembea maili 10,000: hapo tayari ni senti 48 kwa maili. Ongeza dizeli (galoni ya dola 3.80, lori linakwenda maili 6.5, ni senti 58), matairi na matengenezo tuweke senti 20. Umefika dola 1.26 na bado hujajilipa mshahara. Hesabu ni ya mfano, weka zako.

3. Gawa bei kwa maili zote, pamoja na zile unazotembea tupu kwenda kuchukua mzigo. Dallas hadi Atlanta ni kama maili 780. Dola 1,900 inaonekana 2.44 kwa maili. Ukitoka maili 110 kuufuata, ni 2.13. Na uangalie unakopelekwa: kuna miji unaingia kwa kicheko na kutoka kwa kilio, maana mizigo ya kurudi hakuna.

4. Mpigie simu dalali aliyetangaza mzigo kwenye bodi za mizigo (tovuti za matangazo ya mizigo). Uliza uzito, saa za kupakia na kushusha, kama kuna miadi au ni anayewahi, nani anapakua na nani anamlipa. Ndipo utaje bei yako, kisha unyamaze. Akisema "nina wengine watatu kwenye laini", mwambie awape. Na asikulazimishe kuvunja saa zako za kisheria, 11 za usukani ndani ya 14 za zamu. Sheria ya shirikisho inamkataza dalali kumshurutisha dereva, siyo hisani yake.

5. Mchunguze dalali KABLA ya kuwasha lori. Hapa ndipo nilipoingizwa mjini, kwa hiyo nivumilieni.

Mzigo ulikuwa chakula cha mbwa, pauni 42,000, Memphis kwenda Columbus, Ohio. Wenzangu siku hiyo walikuwa wanapewa 1,600 kwa njia hiyo, mimi jamaa akanipa 2,300 bila kubishana. Nikajiona mjanja. Akanitumia hati ya bei (ile wote tunaiita retikoni), nembo ya kampuni inayojulikana, namba ya MC ya kweli. Niliitafuta kwenye tovuti ya serikali, ipo, hai, haina doa. Nikasaini. Getini mlinzi akaniuliza kampuni gani, nikampigia jamaa, akasema taja jina fulani, siyo langu, "ni mkataba wetu wa ndani". Nikataja. Hati ya shehena ikatoka na jina la kampuni ambayo sijawahi kuisikia, nikaisaini vilevile, nikashusha Columbus, sahihi nikapata, ankara nikatuma.

Siku ya 30 kimya. Siku ya 38 simu haipo hewani. Nikatafuta namba ya dalali halisi kwenye rekodi za serikali, nikapiga. Mama mmoja mpole akaniambia, "Hatukujui, na anwani hiyo ya barua pepe siyo yetu." Kuangalia vizuri, baada ya jina la kampuni kulikuwa na kistari na neno moja la ziada. Mwizi alijifanya msafirishaji, akachukua mzigo kwa dalali wa kweli, kisha akajifanya dalali akaniuzia mimi. Yeye akalipwa. Mimi nilichoma dizeli yangu kulisha mbwa wa watu.

Kwa hiyo:
- MC kuwa hai haitoshi. Inathibitisha kuwa kampuni ipo, haithibitishi kuwa unayeongea naye anatoka huko. Chukua namba ya simu kwenye rekodi za FMCSA (wakala wa serikali unaosimamia malori), PIGA WEWE, uliza kama mtu huyo na mzigo huo ni wao.
- Hakikisha ina mamlaka ya udalali. Wengine wana ya usafirishaji tu, na huyo hana ruhusa ya kukuuzia mzigo.
- Soma anwani ya barua pepe herufi kwa herufi.
- Bei iliyonona kuliko soko, jiulize kwa nini imekuja kwako.
- Ukiambiwa utaje kampuni nyingine getini, au hati ya shehena ina msafirishaji ambaye siye wewe, SIMAMA. Mpigie dalali halisi kabla mlango wa trela haujafungwa. Mzigo ukishatoka, huna tena cha kushikilia.

6. Isome hati ya bei yote, hasa yale maandishi madogo ya ukurasa wa pili. Tafuta pesa ya kusubiri (mara nyingi saa 2 za kwanza ni bure), fidia ya kuitwa bure mzigo ukifutwa umeshafika, na faini za kuchelewa. Ambacho hakijaandikwa hakipo, hata kama alikuapia kwa mama yake.

7. Kupakia. Hesabu kama wanakuruhusu, piga picha ya mzigo, ya lakiri na namba yake, na ya hati. Andikisha saa ya kuingia na ya kutoka, mtu wa pale asaini. Zikibaki dakika 30 saa za bure ziishe, mwandikie dalali ujumbe. Siyo simu, ujumbe.

8. Ukishusha, tuma hati yenye sahihi na ankara siku hiyohiyo.

9. Usipolipwa: kumbusha kwa maandishi, kisha peleka dai kwenye kampuni iliyomdhamini. Kila dalali anatakiwa kuwa na dhamana ya dola 75,000, tangu 2013. Fungu hilo hilo linagawiwa wote wanaomdai, kwa hiyo usikubali danadana za miezi minne. Mimi dai langu lilikataliwa, kwa sababu dalali niliyemdai hakuwahi kuingia mkataba na mimi. Rudi hatua ya 5.

MASWALI YA WADAU

Mgeni wa Njia: Somo zuri mkuu. Naomba namba ya dalali mzuri asiye na longolongo.
Jibu: Hatua ya 5.

Kijana wa Boksi: Sijasoma yote ni ndefu. Bei nzuri kwa maili ni ngapi?
Jibu: Hatua ya 2. Umekiri mwenyewe.

Mzee wa Friji: Unawatisha vijana bure. Mwaka wa tisa huu, sijawahi kupiga hizo simu zako za kuhakiki na sijapigwa hata senti.
Jibu: Shikamoo mzee. Sijasema madalali wote ni wezi. Wewe unabeba kwa watu watano wanaokujua kwa sauti. Anayeanza leo kila mzigo anachukua kwa mgeni. Dakika nne za simu na dola 2,300, mimi najua ipi ni ghali.
Mzee wa Friji: Marahaba. Hapo kwenye kujuana nakubali. Basi waongezee hili: ukishamshushia mtu mzigo salama, muulize palepale kesho ana nini kutoka mji huo. Hao wangu watano niliwapata hivyo, siyo kwenye bodi za mizigo.
Jibu: Hili lilistahili kuwa hatua ya 10. Asante mzee.

Dada Usukani: Kaka, kuna kampuni inataka kununua ankara zangu, wanilipe kesho yake wakate asilimia. Wanasema dalali asipolipa hasara ni yao. Niamini?
Jibu: Dada, swali zuri, na jibu liko ndani ya mkataba wao. Kuna aina mbili. Ya kwanza, dalali asipolipa unarudisha pesa, yaani umekopeshwa tu. Ya pili ndiyo hiyo unayoahidiwa, lakini mara nyingi inakukinga dalali akifilisika tu. Akigoma kulipa kwa sababu ya boksi lililochanika, deni linarudi kwako. Tafuta neno "kufilisika" humo. Uliza pia muda wa mkataba, ada ya kuuvunja, na kama ni lazima uwape ankara zote. Na ukishasaini wanawaandikia madalali kuwa pesa ziende kwao. Ukichukua malipo kwa mlango wa nyuma umejitafutia kesi. Faida moja watu hawaisemi: wao huchunguza madalali kabla ya kununua ankara. Wakimkataa dalali, na wewe mkatae.

Mdadisi: Kuna njia ya kujua mwenye mzigo alimlipa dalali kiasi gani?
Jibu: Ipo. Kanuni ya shirikisho, 49 CFR 371.3, inamtaka dalali atunze rekodi za kila mzigo kwa miaka 3, na kila mhusika ana haki ya kuziona. Na wewe ni mhusika. Ila mikataba mingi ina kipengele cha wewe kuiachia haki hiyo, na wengi tunasaini bila kusoma. Kisome kabla, jaribu kukikata. Wengine watakubali, wengine watakuambia kwaheri. Mimi naomba kuziona rekodi hizo pale tu ninapodaiwa fidia ya mzigo, maana hapo namba za kweli zinasaidia kubishana.

Mgeni wa Njia: Sawa, hatua ya 5 nimesoma. Nikipiga ile namba ya FMCSA halafu ikapokelewa na mashine?
Jibu: Sasa tunaongea. Acha ujumbe, tafuta tovuti yao mwenyewe (siyo kiungo alichokutumia jamaa), piga namba ya pale. Hakuna anayepokea kokote? Uache mzigo.

Kijana wa Boksi: Umetaja mizani. Mimi nikipakia chini ya pauni 80,000 sipimi.
Jibu: Utapima siku polisi akikupimia. Elfu 80 ni jumla. Ekseli pacha za lori 34,000, za trela 34,000, mbele wengi tunaweka 12,000. Unaweza kuwa na 76,000 na bado ukala tiketi kwa sababu nyuma kuna 35,500.
Kijana wa Boksi: Nyuma ikizidi nasogeza wapi?
Jibu: Sogeza ekseli za trela kuelekea nyuma, uzito unahamia kwenye lori. Kila tundu la kufungia ekseli unalosogea ni kama pauni 250 hadi 400 kutegemea trela, kisha urudi kwenye mizani. Ila ukienda California, kutoka kingpini (pini inayounga trela na lori) hadi ekseli ya mwisho usizidi futi 40.
Mzee wa Friji: Na ukague pini zote nne za kufungia ekseli zimerudi kwenye matundu kabla hujaondoka. Mimi niliwahi kuondoka na mbili.