Klasi ya Java inapogoma ndani ya Oracle

Msimu uliopita wa korosho nikiwa Mtwara, kijana mmoja wa Newala alinipigia saa tatu usiku. Malipo ya wakulima yamekwama, na asubuhi watu wangekuwa mlangoni.

"Shikamoo dada. Jar nimeiweka kwenye seva, CLASSPATH nimeielekeza, bado inanipa ORA-29541."

"Marahaba mdogo wangu. CLASSPATH achana nayo kabisa."

Hapo ndipo wengi wanapopotezea usiku. Klasi ni kipande cha programu ya Java, jar ni kifurushi cha klasi, na CLASSPATH ni orodha ya mahali Java ya kawaida inapozitafuta. Java iliyomo ndani ya kanzidata ya Oracle haitafuti klasi kwenye folda za seva. Klasi zinakaa ndani ya kanzidata yenyewe, kama majedwali, na kila moja ina mwenyewe. Zikitafutana, kwa kawaida zinaanza kwenye skima ya mwenyewe (eneo la vitu vya mtumiaji huyo), kisha PUBLIC, eneo la wote, basi.

Soma namba ya kosa kwa makini. ORA-29540 maana yake klasi haipo. ORA-29541 maana yake ipo, ila kuna kitu inachokitegemea ambacho haikipati. Tofauti hiyo inakuokolea saa nzima.

Ingia kwa mtumiaji yule yule anayeendesha malipo, kisha:

`SELECT dbms_java.longname(object_name), status FROM user_objects WHERE object_type = 'JAVA CLASS';`

Kama klasi haimo kwenye orodha, huenda ilipakiwa kwa mtumiaji mwingine. Ya kijana ilikuwemo, lakini INVALID, yaani haijawa tayari kutumika. Nikamwambia ailazimishe ijiunge upya na klasi inazozitegemea:

`ALTER JAVA CLASS "ushirika/Malipo" RESOLVE;`

Alama za kunukuu ni lazima, na herufi kubwa na ndogo ziwe vile vile zilivyo kwenye klasi. Ikikataa, uliza sababu:

`SELECT name, text FROM user_errors WHERE type = 'JAVA CLASS';`

ORA-29534 ikamtajia klasi iliyokosekana. Ilikuwa ndani ya ile ile jar aliyoiacha kwenye folda! Akaipakia ndani ya kanzidata kwa loadjava, chombo cha Oracle cha kazi hiyo:

`loadjava -resolve -verbose -user malipo maktaba.jar`

Usiisahau `-resolve`. Bila hiyo klasi zinaingia bila kuunganishwa, na kosa linajificha mpaka mkulima afike dirishani.

Klasi ikikataliwa wakati wa kupakia, angalia toleo kwa `javap -v`, chombo cha Java cha kuchungulia klasi, mstari wa major wenye namba ya toleo. Oracle 19c ndani yake ina Java 8, yaani 52. Ukiona 61, hiyo imetengenezwa kwa Java 17. Itengeneze upya kwa `javac --release 8`. Jar ya watu wengine tafuta toleo lake la zamani.

Kijana alipojaribu malipo akapata ORA-29549, akashtuka. Hilo lisikutie hofu: klasi imebadilika wakati yeye yuko ndani, kwa hiyo Oracle imefuta kumbukumbu ya Java ya kikao chake. Nikamwambia aite tena. Saa tano kasoro akaniandikia: "VALID zote, dada. Malipo yanatoka."