Kuifuatilia Saratani ya Tumbo Baada ya Upasuaji

Aliyefanyiwa upasuaji wa saratani ya tumbo hulala na swali moja: je, itarudi? Kupona kwa kidonda hakulijibu swali hilo. Jibu lianzie kwenye karatasi ya majibu ya kinyama kilichopelekwa maabara ya patholojia; omba nakala yake kabla hujaruhusiwa kwenda nyumbani, kisha uitunze.

Mwombe daktari akueleze, kwa kidole juu ya karatasi yenyewe, saratani ilikuwa imezama kiasi gani katika ukuta wa tumbo, kama kingo za mkato zilikuwa safi, na tezi za limfu zilizokutwa na ugonjwa ni ngapi kati ya zilizochunguzwa. Hapo kwenye tezi usipite haraka. Ukisoma 0/4, usishangilie mapema, kwa kuwa inapendekezwa zichunguzwe angalau 16, na tezi nne haziwezi kuthibitisha kwamba ugonjwa haukusambaa. Wagonjwa wengi hawaliulizi jambo hili, ilhali linaweza kuamua kama tibakemikali itahitajika.

Saratani hii ikirudi, mara nyingi hurudi ndani ya miaka 2 au 3 ya mwanzo. Ndiyo maana kliniki hupangwa kila baada ya miezi 3 hadi 6 kwa miaka 2, halafu kwa nafasi zaidi hadi mwaka wa 5. Usingoje tarehe yako endapo tumbo linajaa maji, macho yanakuwa ya manjano, unatapika mara kwa mara, unapata choo cheusi kama lami, au umepapasa uvimbe juu ya mtulinga wa kushoto.

Kukonda peke yake kusikutie hofu, maana karibu kila mgonjwa hupungua uzito miezi ya kwanza. Jipime kila wiki kwa mizani ileile na uandike kwenye daftari. Uzito uliokwisha kutulia ukianza kushuka tena, hiyo ndiyo habari ya kumpelekea daktari. Kula kidogo kidogo mara sita kwa siku, na uji uwe na sukari kidogo, kwani utamu mwingi unaweza kukuletea jasho na mapigo ya moyo ya kasi muda mfupi baada ya kula.

Ikiwa tumbo lote liliondolewa, utahitaji vitamini B12 maisha yako yote, kwa kawaida kwa sindano. Akiba iliyomo kwenye ini huweza kuficha upungufu kwa miaka kadhaa, hadi vidole vya miguu vianze kufa ganzi. Kwa hiyo tarehe za sindano nazo ziandike kwenye daftari lilelile la uzito.