Una sikio la taarab? Hivi ndo uanze kuskiliza mziki wa Kizungu wa karne ya 19

Wengi wetu huku Unguja mziki wa klasiko tunaujua wa kwenye filamu tu, fidla nyingi halafu usingizi. Na tatizo mtu huanza pabaya, anafungua simfoni, kile kipande kirefu cha okestra, ya dakika 50, hajui hata inaelekea wapi, dakika ya 6 keshazima karudi kwenye nyimbo zake. Usianze huko yakhe. Anza na wimbo wenye maneno, maana sie sikio letu limelelewa na mashairi, mtu kabla hajajua kama sauti tamu anataka kujua nani kaambiwa nini.

Hichi kipindi wenyewe wanakiita Romantiki, karibu karne ya 19 nzima. Nenda YouTube uandike Schubert Erlkönig (Schubert ndo mtunzi, Erlkönig jina la wimbo), na upate inayoonesha maneno chini. Lakini kabla hujabonyeza jua kisa: baba yumo juu ya farasi usiku, kampakata mwanawe mgonjwa, mtoto anaona jini linamwita, baba anamwambia ah, ukungu tu huo. Shairi la Goethe, mshairi wa Kijerumani. Mwimbaji ni mmoja lakini anatoa sauti nne, msimulizi, baba, mtoto na jini, na ile piano inayogonga gonga bila kupumzika ndo farasi. Wanafika nyumbani, mtoto keshakufa. Dakika nne tu! Na Schubert alipoitunga mwaka 1815 alikuwa kijana wa miaka 18, akafa 1828 na nyimbo zaidi ya 600 mkononi.

Ukishazoea hapo ndo uende kwenye piano peke yake, na hapo mtu ni Chopin, mtunzi wa Kipolandi, tafuta Nocturne (yaani kipande cha usiku) Op. 9 No. 2. Usiskilize yote kwa pamoja, fata sauti ya juu tu, utaona ile ile inarudi na kila ikirudi imeongezwa mapambo, vile vile mwimbaji wetu anavorudia ubeti akauchezea koo. Chopin alitoka Warsaw Novemba 1830, baada ya wiki chache Wapolandi wakainuka dhidi ya Urusi, wakapigwa, na yeye hakurudi tena. Ndo maana zile mazurka na polonezi zake, ambazo ni ngoma za kwao, ukizijua hivo huzisikii tena kama mziki wa kuchezea tu. Akazikwa Paris lakini moyo wake ukapelekwa Warsaw.

Halafu vipande vya okestra vyenye hadithi. Vltava ya Smetana, mtunzi wa Kicheki, dakika 12 hivi, ni mto: filimbi mbili mwanzo ni chemchem, baadae unapita msituni kwenye uwindaji, harusi ya kijijini, mbalamwezi, maporomoko, mpaka Prague. Wacheki wakati huo wako chini ya Austria, kwa hivo kuusifu mto wa kwenu ilikuwa siasa. Na aliutunga 1874, mwaka ule ule aliokuwa kiziwi.

Opera sasa, yaani mchezo wa jukwaani unaoimbwa. Hapa mie nakwambia anza na Aida ya Verdi, kwa sababu inatuhusu zaidi kuliko tunavodhani. Ilioneshwa mara ya kwanza Cairo, tarehe 24 Disemba 1871, wakati wa Khedive Ismail, mtawala wa Misri. Wengi husema ilitungwa kufungulia jumba la opera, sio kweli, jumba lilifunguliwa 1869 kwa Rigoletto, ya Verdi pia. Aida ilichelewa kwa vile mapambo na nguo zake zilikwama Paris, Waprusia wameuzingira mji. Sasa tazama, huku kwetu Sayyid Barghash keshakalia kiti tangu 1870, na ndo huyo anaesimuliwa kumpeleka mwanamuziki Mohamed Ibrahim Cairo hiyo hiyo akajifunze kanuni, kile chombo cha nyuzi cha taarab. Na Bibi Salme, dada yake Barghash, yupo Hamburg ya Ujerumani tokea 1867, mji aliozaliwa Brahms, mtunzi mwengine wa kipindi hichi. Kwa hivo mtu asikwambie mambo haya yako mbali na sie. Usiitazame Aida yote siku ya kwanza lakini, tafuta ile sehemu ya maandamano ya ushindi yenye matarumbeta, ukipendezewa ndo urudi mwanzo.

Simfoni njoo nazo mwisho, na bando lako liwe la kutosha, maana ikikatika katikati hamu yote imekwenda. Simfoni huwa na sehemu nne kawaida, skiliza sehemu moja kwa siku, hakuna mtu atakaekukamata. Mie ningekupa ya tisa ya Dvořák, aliyoitunga Marekani 1893, ile sehemu ya pili ya polepole hata bibi yako ataipenda. Baadae ya sita ya Tchaikovsky, mwaka huo huo: sehemu ya tatu inamaliza kwa kishindo, watu hupiga makofi wakidhani imekwisha, kumbe bado ya nne ya majonzi matupu. Aliiongoza mwenyewe mara ya kwanza, siku tisa baadae akafa.

Wagner, mtunzi wa opera wa Kijerumani, muache kwanza. Ile Ring yake opera nne, saa 15 hivi kwa jumla, hata mashabiki wake wanaigawa siku nne.