Jinsi ya kupima kama mtaa aliokulia mtoto unabadili kipato chake

Kujua kama Kibirizi, hapa Kigoma, ina maskini wengi kuliko Gungu ni kazi ya siku mbili. Kujua kama mtaa wenyewe unachangia ni kazi ngumu zaidi, maana aliyehamia pazuri huenda tayari alikuwa nazo.

Marekani, wachumi Raj Chetty, Nathaniel Hendren na Lawrence Katz walifuatilia familia zilizopewa kwa bahati nasibu, kuanzia 1994, msaada wa kuhama mitaa ya kimaskini. Watoto waliohama kabla ya miaka 13 walikuja kupata kipato kikubwa kwa takriban 31% kuliko wenzao wasiopewa msaada huo. Waliohama wakubwa hawakufaidika. Kwa hiyo kiini cha dodoso lako ni umri wa kuhama.

Kigoma hatuna bahati nasibu hiyo, tuna ndugu. Kaka aliyehama na miaka 15 na mdogo wake aliyehama na 5 wamelelewa na wazazi wale wale.

Anzia kwa mtendaji wa mtaa: ruhusa, kisha orodha ya kaya. Zikiwa 480 nawe unataka 60, chukua kila ya nane. Ya kuanzia ipigie kura kati ya 1 na 8. Ukikuta mlango umefungwa, rudi jioni, hata mara tatu. Ukirukia jirani, daftari litajaa wanaoshinda nyumbani.

Usiulize "mlihama mwaka gani?" Uliza: "Ulipoanza darasa la kwanza mlikuwa mkikaa wapi?" Shule haisahauliki. Uliza pia sababu ya kuhama. Kifo cha baba hubadili mengi kuliko mtaa. Orodhesha ndugu wote, hata walioko Dar es Salaam. Ukiwaacha walioondoka, umewatupa wale wale unaowatafuta.

Kipato cha mvuvi wa dagaa usikiulize kwa wiki. Wavuvi huvua gizani kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, wengi hupumzika. Uliza kipindi cha giza kilichopita alipata kiasi gani, kisha mbalamwezi aliishije, ujumlishe.

Kaka ana miaka mingi zaidi kazini, basi usilinganishe kienyeji. Tafuta ndugu wasiohama waliopishana umri vilevile, upunguze tofauti yao ya kipato kwenye ile ya ndugu waliohama. Jozi za ndugu zikiwa chini ya 30, andika idadi tu, asilimia zitadanganya.