Jinsi ya kusoma kitenzi cha Kiebrania shama

Mzizi wa shama, "kusikia", ni herufi tatu: shin, mem, ayini. Ukiona reshi mwishoni badala ya ayini, hicho ni shamar, "kulinda", wengi huvichanganya.

Anza na umbo. Shama ni "alisikia", nishma "alisikika", hishmia "alifanya isikike", yaani alitangaza.

Kisha tazama neno linaloambatana nacho, maana hapo ndipo tafsiri nyingi hupotea. Katika Mwanzo 3:10 Adamu anasikia sauti tu: kitenzi kimeshika yambwa, yaani kitu kinachosikiwa, moja kwa moja. Katika Mwanzo 22:18 kuna be-qol, "katika sauti ya", na maana inakuwa kutii. Msomaji wa Kiswahili ana bahati hapa, kwani mtoto "asiyesikia" kwetu si kiziwi, ni mkaidi. Mwanzo 11:7 inataka maana ya tatu, kuelewana. "Kusikilizana" kunatosha kabisa.

Usiandike "kutii" kila mahali. Katika Kumbukumbu la Torati 6:4, Shema Yisrael ni amri, "Sikia, Israeli", na utii umo ndani yake tayari. Kiebrania cha leo hutumia kitenzi kingine, letsayet, kwa kutii, basi usikirudishe kipimo hicho kwenye Biblia.