Fatibaiki au baiskeli ya kawaida? Jinsi ya kujua kabla hujatoa pesa, kwa watu wa Mombasa

Haya manake kila nikisimama Kongowea naulizwa "hiyo baiskeli yako ya matairi ya trekta ni ya nini", wakimaliza kucheka wanauliza bei, wakisikia bei wanacheka tena. Nshakaa nayo miaka miwili, imenibeba na nimeisukuma, kwa hivyo wacha niwaeleze mtu anavyofaa kuamua, si kwa kubishana barazani mpaka adhana ila kwa kujaribu mwenyewe.

Kwanza tuelewane chombo chenyewe. Fatibaiki ni baiskeli yenye tairi upana wa inchi 3.8 kwenda juu, nyingi ni 4, kuna zinazofika 5. Hizi mauntini za kawaida unazoziona mtaani ni 2 na kitu, na blekmamba, ile baiskeli nyeusi nzito ya mzee wa madafu, ni kama inchi moja na nusu. Zilianzia Alaska, miaka ya 80 kule watu walikuwa wanataka kuendesha juu ya theluji wakawa wanaunga rimu mbili ziwe moja pana, na huku New Mexico kulikuwa na jamaa wengine wanatafuta njia ya kupita mchanga wa jangwani. 2005 kampuni ya Surly ya Marekani ikatoa Pugsley ndipo zikaanza kupatikana madukani kama baiskeli nyingine. Sasa theluji sisi hatuna, mchanga tunao, Nyali mpaka Shanzu, na ukivuka feri kuna Shelly, Tiwi, Diani. Swali ni wewe huo mchanga unaupita mara ngapi?

Hapo ndipo pa kuanzia. Chukua wiki moja, kila siku jioni jiulize leo nimeendesha wapi. Kama jibu ni Bombolulu mpaka mjini, daraja la Nyali, sokoni, kumpeleka mtoto madrasa, basi acha, hutaki fatibaiki. Kwenye lami tairi ile inavuta kama umefunga mtu nyuma na kamba, na baiskeli yenyewe inafika kilo 15 au 16 kabla hujaweka chochote. Mie siku moja napanda daraja la Nyali nimejikaza, jasho linaingia machoni, nikapitwa na mzee ana madafu yamejaa keria nyuma na mbele kaning'iniza mengine, akanisalimia kabisa "shikamoo" kwa kejeli, mimi ambaye ni wa kumwamkia yeye! Nliitikia tu marahaba, pumzi ya kubishana sina.

Kama jibu ni ufuoni kila siku, kwa mfano unafanya kazi pwani ya mahoteli au unauza samosa na achari kule ufuo wa Pirates, endelea kusoma lakini bado usitoe pesa.

Jaribio la pili, chukua baiskeli uliyonayo uende nayo baharini maji yakiwa yamekupwa. Wengi wanaosema baiskeli ya kawaida haipiti mchanga walienda maji yamejaa wakajikuta kwenye ule mchanga mkavu wa juu. Ule wa chini uliolowa ni mgumu, hata blekmamba inapita, watoto wa Bamburi wanacheza nazo pale kila Jumapili. Maji yanachukua saa sita na dakika chache kutoka kupwa mpaka kujaa, na kila siku yanachelewa kama dakika 50, kwa hivyo ukijua ya leo unaweza kupiga hesabu ya kesho, au muulize mvuvi yeyote atakwambia bila kuangalia simu. Bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yanakupwa mbali sana na unapata barabara pana, ila yakirudi pia yanarudi juu na kuna sehemu yanafika mpaka ukutani, sasa usije ukabaki umebeba baiskeli kichwani.

Jaribio la tatu ndilo watu hawalijui na ni la bure. Punguza upepo. Siri ya fatibaiki si unene, ni upepo mdogo, unene unasaidia tu usiguse rimu chini. Hesabu yake nyepesi: mtu na baiskeli tuseme kilo 95, hizo ni kama pauni 210. Ukijaza prisha 40, yaani pauni 40 kwa kila inchi ya mraba, gawanya, tairi zote mbili zinagusa chini kama inchi 5 za mraba tu, yaani zinakata mchanga kama kisu. Ukishuka 8 unapata inchi 26, hapo unaelea. Sasa mauntini yako huwezi kuishusha 8, utapata pancha kwa kubana tyubu na rimu itapinda, lakini ukitoka 40 ukaja 20 hivi utashangaa mwenyewe inavyopita pale ilipokuwa inazama. Ukiweza kupata tairi ya 2.4 ikaingia kwenye fremu bila kusugua, kwa mtu wa Mombasa naona umemaliza asilimia kubwa ya shida zako, na hilo nalisema mimi mwenye fatibaiki.

Inapobaki fatibaiki peke yake ni mchanga mkavu, ule mweupe unaoteleza, na wakati wa kusi ambapo mwani umejaa ufuoni mpaka huoni mchanga. Pale hakuna baiskeli nyingine. Mie natoka na maji yamejaa, napita juu chini ya minazi, wenzangu wamekaa wanangoja yakupwe.

Kabla ya kulipa pitia kwa fundi wako. Mie sikupitia. Tairi ilipochomwa na mwiba wa mgunga nikaenda nayo, fundi akaizunguka mara mbili akaniambia "sasa kijana, tyubu ya hii nikutolee wapi?" Hana makosa, ekseli ni pana, pedeli ziko mbali mbali mpaka unakaa kama umepanda punda, keria za kawaida haziingii, spea nyingi lazima uagize. Kwa hivyo ukinunua nunua na tyubu mbili na tairi moja ya ziada siku hiyo hiyo, na ujifunze kupiga kiraka mwenyewe. Zile za betri sizisemi hapa, ni hadithi nyingine na uzito wake mungu anajua.

Basi umeng'ang'ania umenunua, endesha hivi. Lami weka upepo kama 15 mpaka 20, ukiwa chini ya hapo stelingi inajivuta yenyewe kwenye kona na ukiweka nyingi sana inaruka ruka kama mpira. Ukifika mchangani toa, shuka mpaka 8, mzito kidogo acha 10. Geji za petroli stesheni hazisomi vizuri huko chini, pata pampu ya mkono yenye geji ndogo, la sivyo kaa juu yake umwambie mtu aangalie, tairi ivimbe pembeni kidogo lakini isijikunje. Giya nyepesi kabla hujaingia mchangani si ukiwa ndani, makalio nyuma, mikono ilegee, piga pedeli mfululizo bila kushtuka shtuka, kona ziwe pana, na breki ya mbele isahau kabisa. Macho yawe mbali, ukiangalia tairi utaifuata tairi. Na upepo wa bahari uuhesabu: kusi inakusukuma ukienda Shanzu na kukukomesha ukirudi Nyali, kwa hivyo anza safari upande unaopigwa na upepo ukiwa bado una nguvu. Kaskazi ni kinyume chake.

Ukirudi nyumbani usilale. Chumvi haisubiri. Osha cheni, spoku, giya na breki, maji ya kumwaga tu si ya kupiga na presha, ile inasukuma mchanga ndani ya beringi. Kausha kwa kitambaa, tia oili nyembamba kidogo tu ufute ya juu, na ile oili chafu ya gari wanayopaka watu usiikaribie, inashika mchanga cheni inakuwa msasa. Halafu yawe maji matamu. Mie niliosha miezi mitatu na maji ya kisima cha uani najiona mtu nadhifu sana, mpaka spoku tatu zikaota kutu ndipo nikayaonja nikakumbuka kisima chetu ni cha chumvi. Siku hizi naosha na nusu mtungi wa maji ya kununua, na mke wangu anasimama mlangoni anaangalia hasemi kitu.